Riwaya ya mji wa kubuni wenye wapenzi wa jinsia moja: sheria za mji zianzie wapi?

Msimulizi wa Kaole (Bagamoyo)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa kiufundi kwa wanaoandika fantasia na hadithi za kisayansi.

Nina rasimu ya riwaya inayotokea katika mji wa pwani wa kubuni. Nimeuchora kwa kuangalia magofu ya Kaole: msikiti wa matumbawe, makaburi yenye nguzo, bandari iliyokufa kwa sababu tope na mikoko vimeziba njia ya vyombo. Wahusika wakuu ni wanaume wawili wanaopendana, fundi wa milango na nahodha wa jahazi. Wa tatu ni mwandishi wa daftari la kadhi, mtu asiye mwanamume wala mwanamke. Mjini hakuna anayewabughudhi.

Wasomaji wa rasimu wananiambia mapenzi yao yamebandikwa tu: nahodha akigeuzwa mwanamke, hakuna kinachobadilika. Sasa mgogoro utoke wapi ikiwa mji hauwachukii? Huyu wa tatu nimpe nafasi gani asiwe pambo? Na wale wawili wakifunga ndoa, nani ameoa na nani ameolewa?

Bi Chumbageni (Tanga)

Ndugu Msimulizi, anza na mirathi. Mji wa mawe ni mji wa nyumba, na nyumba hurithiwa. Kabla hujaandika busu, andika ukurasa mmoja wa kujibu swali hili: fundi akifa leo usiku, kesho asubuhi ufunguo wa nyumba yake anao nani? Nahodha, au kaka wa marehemu? Jibu lolote utakalochagua lina mtu anayepoteza, na huyo ndiye mgogoro wako. Si lazima awachukie. Anaweza kuwapenda wote wawili na bado akaitaka nyumba, na hapo hadithi inauma zaidi.

Mfano wa ndoa iliyojengwa kwa ajili ya nyumba tunao hapa hapa nchini. Kwa Wakurya wa Mara kuna nyumba ntobhu: mwanamke, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, anatoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa wanahesabiwa wa nyumba ile. Lengo ni mrithi na ulinzi wa mali, si mapenzi, kwa hiyo usiipake rangi isiyo yake. Ila angalia ilivyokamilika: inajulikana nani anatoa mahari, mtoto ni wa ukoo gani, nani anabaki na mali. Ndoa utakayobuni wewe uijue kwa kiwango hicho, hata kama robo tatu ya hayo hayataingia kitabuni.

Kwa mwandishi wa daftari una hazina kubwa. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ina mlango wa mirathi ya huntha, mtu ambaye jinsi yake haijabainika kimaumbile. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, kila mrithi anapewa kile kisicho na shaka, na kinachobaki kinasimamishwa. Piga hesabu. Baba amefariki, ameacha mtoto mmoja wa kiume na huntha mmoja. Huntha akihesabiwa mwanamume, kila mmoja ana nusu. Akihesabiwa mwanamke, yeye ana thuluthi na nduguye ana thuluthi mbili. Basi huntha anachukua thuluthi, nduguye anachukua nusu, na sudusi inakaa bila mwenyewe mpaka jambo libainike au wapatane. Sudusi ya nyumba! Yaani chumba kimoja katika vyumba sita kina kufuli, hakipangishwi, hakiuzwi, na paa lake linavuja kwa sababu hakuna mwenye wajibu wa kulitengeneza. Chumba hicho kitakupa sura tatu nzima.

Angalizo moja: huntha ni suala la mwili. Kama mhusika wako mwili wake hauna utata ila nafsi yake haiko upande wowote, kadhi wa mji wako atauliza maswali mengine kabisa. Amua kwanza ni lipi, maana mambo haya mawili yakichanganywa msomaji anayeyajua atakifunga kitabu.

Pono wa Pangani

Naongezea upande wa sayansi. Wengi wanapobuni jamii inayobadili jinsi huandika "hubadilika wanapotaka", kisha dunia yote inalegea. Bahari yetu ina utaratibu mkali zaidi ya huo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakishakua vya kutosha baadhi hugeuka madume. Pono wengi hivyo hivyo, na rangi yao hubadilika pamoja na jinsi. Yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, anayeishi ndani ya anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua), anakwenda kinyume: jike mkubwa akifa, dume lake hugeuka jike, na anayefuata kwa ukubwa hupanda kuwa dume. Kwa hiyo kuna kichochezi (umbo, cheo, kifo), kuna muda, na kuna gharama. Wavuvi wakimaliza chewa wakubwa, wanamaliza madume.

Ihamishie hiyo kwa watu. Mwili ukiwa katikati kwa wiki sita, mtu anapanda jahazi au anakaa nyumbani? Nani anampikia? Vita ikiua watu wazima wote, mji unabaki na nani?

Mwandishi wa riwaya za kisayansi Ursula K. Le Guin alifanya hivyo mwaka 1969 na sayari yake ya Gethen: watu hawana jinsi kwa sehemu kubwa ya mzunguko wa siku 26 hivi, kisha kwa siku chache yeyote anaweza kuwa huku au kule, na yeyote anaweza kubeba mimba. Aliifuata kanuni hiyo mpaka ikulu, mfalme mwenyewe akawa mjamzito. Lakini Kiingereza kilimlazimisha achague kiwakilishi, akatumia cha kiume, na wasomaji wengi wakawaona wanaume watupu. Sisi "yeye" wetu hana shida hiyo.

Kwa wanaoandika Tanga ya miaka 200 ijayo wakitaka wanaume wawili wapate mtoto wa damu yao: mwaka 2023 timu ya Katsuhiko Hayashi huko Japani ilitangaza kuwapata panya kutoka kwa seli za madume mawili. Walichukua seli za dume zilizopoteza kromosomu Y (ile ya kiume), wakazifanya ziwe na X mbili, wakazikuza kuwa mayai, kisha wakayarutubisha kwa mbegu za dume jingine. Viinitete 630 vilitoa watoto 7. Na bado vilipandikizwa kwenye matumbo ya panya majike. Hapo ndipo riwaya ilipo: anayebeba mimba ni nani, analipwa nini, na fomu ya kuandikisha mtoto yenye nafasi ya baba na nafasi ya mama inajazwaje?

Mhariri wa Dunda (Bagamoyo)

Pono amesema kweli kuhusu "yeye", lakini msilale hapo. Lugha yetu inaficha jinsi kwenye kiambishi na kuitoa kila mahali pengine: Bi, Bwana, kaka, shangazi, mjomba, somo wa harusi, kanzu, buibui. Mkuu, chukua sura tatu za kwanza na kalamu nyekundu, pigia mstari kila neno la namna hiyo. Kwa fundi na nahodha, jinsi zao zijulikane ndani ya kurasa mbili tangu wakutane. Ukizificha mpaka mwisho ili umshtue msomaji, umewageuza kitendawili, na msomaji wa kawaida atahisi amedanganywa. Kwa mwandishi wa daftari, kazi ni ngumu zaidi: mpe cheo kisicho na upande, mji mzima ukitumie, na mtoto wa nduguye awe na jina la kumwita ambalo si shangazi wala ami. Jina moja tu. Ukibuni istilahi kumi utalazimika kuweka faharasa.

Kuoa na kuolewa usikwepe kwa "wameoana" kila mara. Acha mji wako uamue. Mimi ningesema anayehamia ndiye aliyeolewa. Nahodha akishuka chomboni analala kwa fundi, basi nahodha ameolewa, na mama yake anaweza kusema mbele ya wageni: "Mwanangu ameolewa mtaa wa juu, lakini jahazi ni letu." Sentensi moja inabeba sheria, wivu na mali, na sasa ukimgeuza nahodha mwanamke mengi yataanguka.

Maneno ya matusi yaache vinywani mwa wahusika wenye sababu ya kutukana, yasiingie kwa msimulizi. Na "shoga" liwe na mwenyewe: wanawake wa pwani wanaitana hivyo kwa urafiki, kwa hiyo msomaji anahitaji kujua nani anasema na kwa nani.

Mwisho, hesabu vifo. Kama anayekufa ni mmoja wa wapenzi hao ili mhusika mwingine apate funzo, andika upya.

Msimulizi wa Kaole

Shukrani sana, Bi Chumbageni hasa, ile sudusi naichukua. Mawili yamebaki. Sheria zote hizi nitamweleza msomaji vipi bila kuhutubu? Na sura ya tisa mwandishi wa daftari anapita mlango na kutokea Tanga ya leo, barabara ya kwenda Raskazone. Nijihadhari na nini?

Bi Chumbageni

La kwanza, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alishalitatua. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na tunaijua kwa sababu Karama ameshtakiwa na anajitetea barazani. Weka shauri. Mlalamikaji anaeleza sheria kwa sababu anataka kushinda, na mpinzani wake anamkatiza. Sheria ambayo hakuna anayeipigania barazani iondoe kitabuni.

La pili ni zito. Tanga ya leo ina Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 154, kinachokataza kujamiiana "kinyume cha maumbile", tangu marekebisho ya 1998 kina kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachofika maisha. Mtu aliyetoka mji wako hajui hilo, na wenyeji watakaompokea wanalijua kila dakika. Hofu yao uiandike kwa vitendo vidogo: simu inayofutwa ujumbe kabla ya kulala, rafiki anayetambulishwa kama binamu, chumba kinachokodiwa kwa jina moja. Na usimchore mtu anayetambulika. Badilisha mtaa, kazi, umri na kabila, na changanya tabia za watu watatu au zaidi katika mhusika mmoja. Msomaji wa mwisho wa sura hiyo awe mtu anayeishi maisha hayo, aisome kabla haijatoka mikononi mwako, na akikuambia ondoa mtaa fulani, uondoe bila kumuuliza sababu.