Kijerumani cha safari ya Stuttgart: nijifunze kipi, na lahaja ya huko niifanyeje?

Msafiri wa Tanga:

Wanajamvi, salaam. Mwezi wa tano, Mwenyezi Mungu akijalia, nitasafiri kwenda Ujerumani kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko. Nitashukia Frankfurt, nitapanda treni hadi Stuttgart, kisha treni nyingine hadi kijiji kilicho karibu na Tübingen wanakoishi wakwe zake, na kabla ya kurudi nitakaa siku 3 Hamburg. Mdogo wangu na mumewe hushinda kazini, kwa hiyo mara nyingi nitabaki na mama mkwe wake, bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 ambaye hajui Kiingereza. Sipendi nikae naye mezani wiki nzima nikitabasamu tu kama picha ya ukutani.

Nimeanza masomo kwenye intaneti na nimeshafika "Guten Tag" na "Ich heiße", lakini juzi nilimsikia bibi huyo kwenye simu na sikutambua hata neno moja. Shemeji anasema mama yake huzungumza Schwäbisch, yaani lahaja ya upande ule. Nimebakiwa na wiki 7. Je, nijifunze lahaja hiyo, au niendelee na Kijerumani sanifu? Na ni mambo gani ambayo mgeni asipoyajua hupotea njia au humvunjia mtu heshima?

Mkaazi wa Stuttgart:

Dada, karibu sana huku. Ushauri wangu ni kwamba mdomo uupe Kijerumani sanifu, na lahaja uiachie masikio. Ukizungumza sanifu utaeleweka kila mahali, hata na bibi huyo, kwa kuwa alisoma shuleni kwa lugha hiyo na huisikia redioni kila siku. Ila yeye atakujibu kwa Schwäbisch, na hapo ndipo unapohitaji maandalizi.

Jambo la kwanza kulizoea ni sauti. Pale ambapo kitabu chako kimeandika "ist" utasikia "isch", "bist" huwa "bisch", na "nicht" huwa "net". Jambo la pili ni kile kiambishi "-le" wanachokipachika mwishoni mwa majina kuonyesha udogo au upendo, kama sisi tunavyosema kijumba na kitoto: "Haus" huwa "Häusle", na "ein bisschen", maana yake kidogo, huwa "a bissle". Ukishazoea hayo mawili, nusu ya mazungumzo itaanza kufunguka.

Yanayotatiza zaidi ni maneno unayodhani unayajua. Nilipofika hapa, mzee mwenye nyumba alikuwa akifunga rafu ukutani, akanipa upande mmoja wa ubao na kuniambia "heb!". Nilikuwa nimefundishwa kwamba "heben" ni kuinua, basi nikainua kwa nguvu zote, na ubao ukatoka kwenye alama aliyokwisha kuichora. Alikuwa ameniambia nishike tu. Vivyo hivyo, "laufen" kwenye vitabu vingi ni kukimbia, lakini huku ni kutembea kwa miguu, na anayekimbia husemwa kwamba "springt", neno ambalo kwenye sanifu maana yake ni kuruka. Kwa hiyo bibi akikwambia twende dukani na "laufen", usiogope, hatakukimbiza.

Lipo moja litakalokufurahisha. Katika Kijerumani sanifu "Fuß" huishia kwenye kifundo, na juu yake ni "Bein". Kwa Waschwaben, "Fuß" huanzia nyongani hadi vidoleni, sawasawa na mguu wetu. Bibi akilalamika kwamba "Fuß" unamuuma, muulize ni wapi hasa kabla hujaleta dawa ya kuchua.

Mwalimu wa lugha, Dar es Salaam:

Nakubaliana na ndugu hapo juu, nami naongeza upande wa matamshi, kwa sababu msemaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. "Sch" ni sh yetu. Ndiyo maana "Schule" ilipoingia kwetu ikatulia kuwa shule, kama vile Heller, senti za rupia ya Kijerumani zilizoanza kutumika mwaka 1904, zilivyotuachia neno hela. "Ch" ya "acht" ni ile kh ya Khamis au kheri, na wewe wa Tanga huna la kuhangaikia hapo. "Ch" ya "ich" ni laini zaidi: weka ulimi kama unayetaka kutamka y, kisha pitisha pumzi bila sauti. Kumbuka pia kwamba "w" husomwa v, "v" mara nyingi husomwa f, na "z" husomwa ts. "Ei" ni ai, na "ie" ni i iliyovutwa. Ukishika hayo utaweza kusoma kibao chochote kwa sauti hata kama hujui maana yake, na hiyo ni nusu ya kuuliza njia.

Sasa nije kwenye saa, maana hapo ndipo wageni wengi huchelewa. "Halb vier" si saa nne na nusu ya saa yao, bali ni saa tatu na nusu, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu alasiri. Mjerumani huichukulia saa kama kibaba kinachojazwa: kibaba cha nne kimefika nusu. Upande wa Stuttgart wameendeleza hesabu hiyohiyo hadi kwenye robo, ambapo "viertel vier" ni saa tisa na robo, na "dreiviertel vier" ni robo tatu za kibaba, yaani saa kumi kasorobo. Wajerumani wengi wa kaskazini na magharibi hawasemi hivyo, na wao wenyewe hutatizika.

Kuhusu heshima, Kijerumani kina "wewe" mbili: "Sie" ya heshima na "du" ya watu waliozoeana. Tumia "Sie" kwa kila mtu mzima usiyemjua. "Du" hutolewa na aliye mkubwa. Bibi anaweza kukupa hiyo "du" mlangoni kwa kuwa ninyi sasa ni jamaa, lakini msubiri aitoe mwenyewe.

Nipo Hamburg:

Mimi nitasema machache. Huku salamu ni "Moin", asubuhi, mchana na usiku, na moja inatosha. Ile "Grüß Gott" utakayoizoea kwa bibi iache kusini.

Kwenye duka la mikate, mkate mdogo wa duara huitwa "Brötchen" huku, "Weckle" kwa bibi, na "Semmel" ukifika München. Ukisahau, onyesha kwa kidole na useme "zwei davon, bitte", nipatie viwili vya hivyo.

Stesheni sikiliza neno "Gleis", yaani namba ya njia ya treni, na usiondoe sikio kabla tangazo halijakwisha, kwa sababu baadhi ya vitenzi vya Kijerumani hukatwa vipande viwili na kipande cha pili hubaki mwishoni. "Der Zug nach Tübingen fällt heute aus" maana yake ni kwamba treni ya Tübingen leo haipo. Ukiondoka kabla ya "aus" hujasikia habari yenyewe. Tena, tarakimu hutajwa kinyume na zetu: 24 husemwa nne na ishirini, kwa hiyo usianze kuandika namba ya simu mpaka imalizike kutamkwa.

Msafiri wa Tanga:

Nawashukuru kwa moyo wote. Mdogo wangu ameniandikia kwamba siku ya kwanza bibi atatukaribisha kahawa "um dreiviertel vier". Kwa hesabu ya kibaba, hiyo ni saa kumi kasorobo? Na akinikaribisha chakula nijibuje?

Mkaazi wa Stuttgart:

Ndiyo, ni saa kumi kasorobo hasa. Mezani atakuuliza "Magsch no ebbes?", yaani unataka kingine? Ukijibu "Danke" peke yake, ataelewa umekataa, kama kwetu mtu anayekaribishwa ugali akasema asante huku akipita; ukitaka kuongezewa sema "Ja, gern". Na akisema jambo usilolielewa, mwambie "a bissle langsamer, bitte", polepole kidogo tafadhali. Hilo ndilo neno la lahaja yake ambalo ningekushauri ulitamke wewe mwenyewe.