Kichwa cha upande mmoja, saa nane usiku kila siku. Nimeng'olewa meno mawili bure, nifanye nini?

Shofa wa Katuba

Jambo wakubwa, jambo wadogo. Niko Lubumbashi, miaka 36, ninaendesha kamyo mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kurudi.

Kila mwaka baridi ya mwezi wa tano ikiingia, kichwa kinarudi. Si kichwa cha malaria, malaria ninaijua. Hiki kinaanzia nyuma ya jicho la kulia kama mtu ananichokonoa kwa msumari wa moto, kisha kinashuka mpaka kwenye taya. Kinaniamsha saa nane usiku, karibu dakika zilezile. Mke wangu hatazami tena simu kujua saa. Jicho linakuwa jekundu na kutoa machozi, pua ya upande huohuo inachuruzika, kope inalegea. Ninazunguka lupango, yaani uwanja wa nyumba, ninagonga kichwa ukutani, mbwa wa jirani anabweka. Baada ya saa moja, moja na nusu, kinazimika kama taa. Asubuhi niko mzima, na patroni anaona ninamdanganya. Inakwenda hivyo wiki saba au nane, halafu kimya mpaka mwaka unaofuata.

Nimetibiwa malaria mara tatu. Nimetibiwa sinusi. Mtu wa meno alining'oa magego mawili akasema tumemaliza. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, tukaenda kwenye maombi ya usiku, na saa nane ilipofika kichwa kikaja palepale katikati ya wimbo.

Sasa ninameza paracetamol na tramadol mpaka tumbo linawaka. Wiki iliyopita kilinikamata mchana, niko kwenye usukani. Nilipata tu nafasi ya kuegesha. Kuna mtu anaijua hii kitu?

Mama Plamedi

Pole sana baba. Pima presha kwanza. Shemeji yangu alianza hivyohivyo, ikawa presha.

Kabwe wa Kampemba

Hicho ni kipandauso. Kikianza ingia chumbani, zima taa, lala bila kelele.

Shofa wa Katuba

Mama, presha nimepima, ni nzuri. Yaya Kabwe, kulala ndiyo siwezi kabisa. Nikilala kinazidi, lazima nisimame nitembee.

Muuguzi wa usiku

Kaka, hapo ndipo umenishtua. Mwenye kipandauso anatafuta giza na kimya, hata hatua za mtoto zinamuumiza. Wewe huwezi kutulia. Ukijumlisha jicho moja, pua moja, saa ileile na majira yaleyale, mimi ninafikiria kile ambacho wanganga wetu, yaani madaktari, wanaandika kwa Kifaransa algie vasculaire de la face, au AVF: maumivu ya mishipa ya damu ya uso. Shambulio moja huchukua dakika 15 hadi saa tatu, na linaweza kurudi hata mara nane kwa siku. Wanaume linawapata zaidi.

Hiyo saa yako si uchawi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, ndiyo inatunza saa ya mwili: kulala, kuamka, majira. Mwaka 1998 wanganga wa London walipiga picha za ubongo wa wagonjwa shambulio likiendelea, wakaona sehemu hiyo ndiyo inafanya kazi kupita kawaida. Na meno yako hayakuwa na kosa. Neva inayobeba maumivu ya jicho ndiyo hiyohiyo ya taya, kwa hiyo wengi wanang'olewa kama wewe.

Paracetamol inachelewa tumboni. Ikianza kufanya kazi shambulio limeshajiishia lenyewe, na wewe unaishukuru. Tramadol haifai kwa hili, na inakuzoesha. Kama unaimeza kila siku usiikate ghafla, mwambie munganga akupunguzie.

Lakini mimi ni muuguzi, na sijakuona. Nenda hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, uombe kuonana na munganga wa neva. Atataka picha ya kichwa hata mara moja, maana kuna uvimbe karibu na tezi ya chini ya ubongo unaoweza kuiga dalili hizi. Kichwa kikija siku moja kwa namna ngeni, kwa kishindo, au na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, usingoje asubuhi.

Jicho la Kushoto

Mdogo wangu, umefika kwa wenzako. Mimi ni mwaka wa 11, upande tu ndio tofauti.

Nikuambie kuhusu oksijeni, kwa sababu mimi niliitupa miaka miwili kwa ujinga. Mara ya kwanza kule kwenye dharura waliniwekea vile vimipira vya puani, lita tatu kwa dakika. Ilikuwa bure, nikawatangazia watu wote kwamba oksijeni ni uongo. Baadaye munganga mmoja kijana akanivalisha maski yenye mfuko, ile inayobana uso, akafungua mpaka 12, akanikalisha nimeinama mbele kidogo, akasema pumua kwa nguvu usiongee. Dakika kumi na tano. Nilimwuliza ametia dawa gani ndani ya bombone, ule mtungi wa gesi. Akacheka: hakuna, ni oksijeni. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 ambao walilinganisha oksijeni na hewa ya kawaida: maumivu yaliisha au karibu kuisha ndani ya dakika 15 katika mashambulio 78 kwa 100, na hewa tupu 20 kwa 100.

Sasa hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa safari. Bombone ya lita 10 ikijazwa bar 200 inabeba kama lita 2,000. Kwa 12 kwa dakika, robo saa inakula 180. Ni mashambulio 11 hivi. Kile kimashine cha umeme cha kutoa oksijeni usinunue kabla ya kuuliza: vingi vinatoa lita tano tu kwa dakika, na saa nane usiku ndiyo saa umeme unapenda kuondoka.

Na pombe. Wakati wa majira, hata glasi moja, kabla saa haijaisha kichwa kimefika. Nje ya majira ninakunywa na watu kwenye matanga, hakuna kitu. Nilichukua miaka minne kugundua, kwa sababu sikutaka kugundua.

Fundi Chuma Ruashi

Oksijeni hata mimi ninayo hapa atelie, ya kuchomelea. Shofa uje na maski yako, hatutashindana bei.

Muuguzi wa usiku

Fundi, moyo wako ni mzuri lakini hapana. Kichwa cha bombone yako kinapima nguvu ya gesi, hakimwambii mtu anavuta lita ngapi, na hakuna aliyethibitisha usafi wake kwa ajili ya mapafu. Hata ile ya hospitali, Shofa, ukiipeleka nyumbani: hakuna sigara, hakuna mbabula, jiko la makaa, ndani ya chumba hicho. Baridi ya mwezi wa sita ninaijua, lakini mbabula itoke.

Mama Plamedi

Kumbe! Na dawa ya kuzuia isije kabisa haipo?

Muuguzi wa usiku

Ipo, mama. Verapamil, dawa ya moyo, ndiyo wanaanza nayo mara nyingi. Inapandishwa polepole, na wanapima moyo kwa ECG kabla na kila wanapoongeza, maana inaweza kuchelewesha mapigo. Itamfungia choo, aongeze matembele. Kabla haijashika, munganga anaweza kumpa prednisone siku chache, ikishuka hatua kwa hatua. Asijipimie mwenyewe farmasi.

Jicho la Kushoto

Kuna na sindano ya kuzima shambulio likianza, sumatriptan, miligramu 6 chini ya ngozi. Mimi dada yangu aliniletea kutoka Ubelgiji, na munganga wangu ndiye aliyeandika. Kwa siku ni mbili mwisho, na mwenye ugonjwa wa moyo asiiguse.

Shofa wa Katuba

Nimerudi baada ya wiki tatu. Munganga wa neva alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: unazunguka? Nikajua nimefika. Picha ni safi. Verapamil ninameza mara tatu kwa siku, ECG ya pili ni Alhamisi. Bombone tumekodi, tumeifunga kwa mnyororo ukutani kama mbuzi. Usiku wa Jumanne kilikuja, nikavaa maski, mke wangu akashika simu kuhesabu. Dakika 14. Tangu hapo kimekuja mara mbili tu.

Patroni ameniweka depo mpaka majira yaishe, mshahara umepungua kidogo. Mama mkwe anasema ni yale maombi. Nimemwachia.

Swali moja tu, yaya Jicho la Kushoto: ile mipira ya maski inapasuka pembeni, wewe unabadilisha baada ya muda gani?