Mjadala: Aprili na Mei tuziuze kama "msimu wa kijani," au mgeni tumwambie asubiri Juni?

Mada: Kampuni nyingi za utalii zinatangaza Tanzania ya Aprili na Mei kwa bei pungufu. Wapo wanaosema huko ni kumhadaa mgeni, kwa kuwa hayo ndiyo masika yenyewe. Wadau mnasemaje?

Mwongoza watalii, Arusha:
Tuziuze, lakini kwa Serengeti na Ngorongoro. Magari ni machache na nyasi ni mbichi. Kinachoharibu safari huku ni udongo kuliko mvua. Ndutu na ukanda wa magharibi kuelekea Grumeti kuna mfinyanzi mweusi; ukilowa unajaza meno ya tairi na gari linakalia tumbo. Hapo dereva akikanyaga mafuta anachimba kaburi la gari lake. Punguza upepo, ondoa tope mbele ya tairi kwa koleo, ingiza mbao, kisha toka polepole kwa gia nzito. Magari mawili yaongozane, kila moja na jeki ndefu na kamba ya kuvutia. Anayetaka usalama zaidi alale Seronera, katikati ya Serengeti.

Mpokea wageni, Unguja:
Huko sawa. Kwetu napinga. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, bahari inachafuka, mzamiaji haoni mbali. Hoteli kadhaa hufunga kwa ukarabati, kwa hiyo mgeni wa bei pungufu anaweza kukaa jirani na mafundi wa rangi. Upepo wa kusi nao ukishika, pwani ya mashariki na kusini inakuwa na mawimbi.
Na hili hata Januari mliseme: Paje na Jambiani wakati wa bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji hupwa hadi mgeni anatembea mbali sana kuyafuata. Anayetaka kuogelea saa yoyote apelekwe Nungwi au Kendwa.

Mratibu wa kambi, kusini:
Hifadhi za Nyerere na Katavi msiziguse kabisa miezi hiyo. Njia zinakatika, viwanja vya ndege vya udongo vinateleza, kambi nyingi zimefungwa. Kilimanjaro napo, mwenye tarehe zisizobadilika apande kwa njia ya Rongai. Upande ule wa kaskazini hupata mvua kidogo kuliko Machame.

Mdau wa hoteli, Dar es Salaam:
Mnasahau wafanyakazi. Hoteli ikifunga, wengi wanapelekwa likizo bila malipo. Mgeni mmoja wa Mei ana thamani kubwa kwao kuliko watano wa Agosti. Halafu wapo wanaosema Novemba ndiyo salama, lakini vuli ya 2019 ilipita kiasi kwa sababu ya joto la Bahari ya Hindi upande wetu.

Mpokea wageni, Unguja:
Nawaonea huruma wafanyakazi, tena sana, ila mgeni akidanganywa harudi, na wao ndio watakaokosa kazi Agosti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitikisa pwani hii. Fuateni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku, na mgeni asipangiwe boti na ndege ya kurudi kwao siku moja.

Mwongoza watalii, Arusha:
Basi tangazo litaje eneo, lisiishie kwenye mwezi. Na kabla mgeni hajalipa, aandikiwe: njia ikikatika atahamishiwa wapi, na nani atalipa tofauti.

Mratibu wa kambi, kusini:
Alipe aliyemuuzia. Yeye ndiye aliyekuwa na utabiri mkononi.