Wazee wa Unguja na Pemba, njaa ya vita ilikuwaje?

UmmuSalma_Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum jamani. Mimi nauza maandazi na chapati Mwanakwerekwe. Mwaka 2022, Urusi ilipoingia Ukraine, polo la unga wa ngano lilipanda bei mpaka nikalazimika kupunguza ukubwa wa andazi, na nilikuwa naona haya kumkabidhi mteja. Mdogo wangu ni msafishaji hotelini Paje. Siku hizo hizo vyumba vilijaa Waukraine waliokwama hapa Zanzibar, watu waliokuja kupumzika wiki mbili, sasa wanalia kwenye simu na hawana pa kurudi.

Nilipomhadithia bibi yangu aliyeko Konde, Pemba, wala hakushtuka. Alisema, "Nyinyi bado. Sisi Bama ilipofungwa tulikula bada mpaka tukasahau wali." Bada ndio ule ugali wa unga wa muhogo. Ana miaka zaidi ya 90 na mazungumzo yake siku hizi hukatika njiani. Nikimuuliza Bama ndio wapi, hunijibu, "Kulikotoka mchele." Naomba anayejua anieleze, ilikuwaje huku kwetu? Vita havikupiganwa Pemba.

MzeeWaWete

Waalaykum salaam mwanangu. Bibi yako hajakosea hata neno moja. Bama ni Burma, leo wanaiita Myanmar. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili hakuna nchi duniani iliyouza mchele nje kuishinda, na sisi tulikuwa miongoni mwa walaji, maana ardhi yetu nzuri tumeipa mikarafuu na tumbo tukalisubirisha meli. Karafuu zenyewe tukimuuzia nani? Mnunuzi mkubwa alikuwa Java, kisiwa cha Indonesia, kule wanakozitia kwenye sigara.

Sasa tazama tarehe. Wajapani waliingia Rangoon, bandari ya mchele, tarehe 8 Machi 1942. Siku hiyo hiyo Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, walisalimu amri huko. Anayetulisha na anayetununulia, wote wamekwenda siku moja! Mimi nilipozikuta tarehe hizo mbili pamoja nilifunga kitabu, nikamkumbuka mama.

Mama, Mungu amrehemu, alikuwa msichana wa miaka 11 hivi. Ndiye aliyekuwa akitumwa dukani na cheti cha mgao. Mwenye duka anajaza kibaba, anapitisha kiganja juu kukifuta, halafu anapitisha tena. Ile mara ya pili ndiyo iliyomkaa mama moyoni. Alisema alikuwa akizitazama punje zinavyorudi ndani ya polo, na hawezi kusema kitu kwa sababu ni mtoto na foleni nyuma yake ni ndefu. Na mgao wenyewe ulitazama kabila, haukuwa sawa kwa wote. Uchungu wa hilo haukwisha vita vilipokwisha.

Babu aliacha kuishughulikia mikarafuu, akachomeka muhogo na mbegu za viazi baina ya miti. Hapo ndipo kazi za wanawake zilipogeuka. Zamani wakisubiri msimu, wachume na kuchambua makonyo, wapate chao. Sasa ikawa kila siku: kulima, kumenya, kuanika makopa, kutwanga, kuchekecha, kusonga bada. Mama alisema harufu ya makopa haikutoka mikononi mwake hata siku ya Idi. Nazi nazo zilitafutwa, kwani Malaya na Ufilipino zimeshatekwa na mbata inahitajika, kwa hiyo mwenye minazi alipata afueni kuliko mwenye mikarafuu.

Nguo ndiyo usiseme. Miaka ya 1930 nguo rahisi zilikuwa za Kijapani, na Mjapani sasa ni adui. Mama na dada yake walibakiwa na doti moja ya kanga. Mmoja akienda kisimani anavaa kimoja, anajitanda kimoja. Mwengine anakaa ndani na gunia kiunoni mpaka mwenzake arudi. Kwa hiyo maji yalichotwa kwa haraka, hakuna kusimama kuzungumza.

Mtoto_wa_Malindi

Mzee, ahsante sana. Lakini naomba tusiwasahau watu wa mjini, ambao hawakuwa hata na kishamba cha kuchomeka muhogo. Babu yangu alikuwa hamali bandarini. Bei ilipanda, ujira ukabaki pale pale, na magendo yakashamiri. Mwenye pesa alikula, hamali alibeba magunia ya chakula mgongoni asichoweza kununua. Vita vilikwisha 1945 na ugumu haukwisha. Agosti 1948 mahamali waliweka mizigo chini, na mgomo ukaenea mji mzima. Kwangu mimi mgomo ule ni sehemu ya njaa ya vita, ingawa vitabu huviweka mbali mbali.

Na hilo la "vita havikupiganwa kwetu", dada, kwa vita vya pili ni kweli. Vya kwanza vilifika bandarini hasa. Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa imesimama hapo mbele ya mji ikitengenezwa. Makaburi ya mabaharia wake yako kisiwa cha Chapwani, nenda ukayaone.

MzeeWaWete

Kweli mwanangu, wa mjini waliumia zaidi. Sisi angalau tulikuwa na shelisheli na pwani ya kuokota chaza.

UmmuSalma_Mwanakwerekwe

Mungu awalipe wote. Jana usiku nilimpigia bibi nikamsomea taratibu, neno kwa neno. Alikuwa kimya hata nikadhani simu imekatika. Nilipofika pale pa kiganja alinidakia: "Si kiganja. Yule wetu wa Konde akifuta kwa kijiti cha mwanzi, na kijiti kimepinda." Kisha akaanza kutaja majina ya watoto aliokuwa akipanga nao foleni, mmoja mmoja, na aliyekufa mwaka ule akamtaja mara mbili. Ijumaa napanda meli ya Pemba na daftari.