Naomba ushauri: hoja zilikuwepo, mbona nadharia ya mabara kusogea ilikataliwa?

Asalaam aleikum ndugu zangu, nafundisha jiografia sekondari hapa Lamu na kuna swali la mwanafunzi limenikwamisha. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alisema tangu 1912 kwamba mabara yanasogea, akaonyesha pwani za Afrika na Amerika Kusini zinavyoingiana na visukuku (mabaki ya viumbe vya kale kwenye miamba) vya aina moja pande zote mbili, lakini wanajiolojia wengi wakakataa hadi miaka ya 1960 vipimo vya sumaku kwenye miamba ya chini ya bahari vilipokuja. Nimemwambia Wegener hakuweza kueleza nguvu gani inasukuma bara zima, hajaridhika, yeye asema walimdharau tu sababu alikuwa mtu wa hali ya hewa (na hilo nalo lina uzito jamani). Sasa nitamtenganishia vipi kukataa kwa hoja na kukataa kwa ubishi? Na kuna nadharia gani iliyokubaliwa haraka kwa ushahidi, nimpe alinganishe?