Ushauri: Kupiga picha za dubu weupe Churchill mwezi wa Novemba

Heroe (Nakuru): Wanajukwaa, nawasalimu. Binamu yangu anayeishi Winnipeg, Kanada, amependekeza tufike Churchill, mji mdogo ulio kando ya Ghuba ya Hudson, ili nipige picha za dubu weupe. Nimezoea simba na vifaru wa mbuga ya Ziwa Nakuru, nikiwa ndani ya gari. Sasa binamu amepata mkazi atakayetutoa nje ya mji kwa gari la kawaida, kwa bei nafuu kuliko kampuni za utalii, kisha tushuke ili nimpige picha dubu nikiwa usawa wa macho yake. Picha ya namna hiyo naitamani sana. Je, ni salama? Na kamera nitaitunzaje katika baridi kali?

Baharia (Kisumu): Dada Heroe, tafadhali usishuke. Nimefanya kazi katika meli za watalii huko Svalbard, Norwe, na jambo hili nalichukulia kwa uzito. Simba wa Nakuru amekua akiona magari kila siku, ilhali dubu mweupe anaishi kwa nyama, na kufikia Novemba dubu wa Churchill wamekaa miezi kadhaa bila kuonja sili, mnyama wa baharini wanayemwinda, kwa kuwa barafu wanayowindia huyeyuka wakati wa kiangazi. Wanakusanyika pale wakingoja bahari igande. Dume huweza kuzidi kilo 500 na kukimbia kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao hata wanariadha wetu wa Iten hawawezi kuufikia. Svalbard, tangu Januari 2025, sheria inataka ukae umbali wa mita 300, na mita 500 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni. Dubu akiacha alichokuwa akifanya akaanza kukutazama, fahamu kwamba umekwisha kumsumbua.

Heroe (Nakuru): Asante, kaka. Mkazi huyo anasema atabeba bunduki. Hiyo haitoshi?

Baharia (Kisumu): Haitoshi. Bunduki ikilia, dubu amekufa kwa sababu ya picha yako. Lipa gharama ya yale magari marefu ya tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, yenye matairi mapana na baraza ya nje nyuma, hata ikibidi uahirishe safari mwaka mmodi ukiweka akiba.

Mwalimu (Kakamega): Naunga mkono, na ninaongeza kwamba picha anayoitaka dada inapatikana bila kushuka. Dubu akiwa chini ya dirisha utapata picha ya mgongo na kichwa tu. Akiwa mbali, ukitumia lenzi ya milimita 400 au zaidi, mtazamo unalala na picha inakaribia usawa wa macho yake. Kwa hiyo usimwombe dereva asogee. Piga ukiwa kwenye baraza, kwa sababu hewa yenye joto inayotoka dirishani hufanya picha itetemeke na kukosa ukali.

Theluji huidanganya kamera, na pichani theluji hiyo ikatoka ya kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu, kisha ukague kama manyoya bado yanaonekana, maana dubu si mweupe kabisa, ana umanjano fulani. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Hatari kubwa kwa kamera ni kurudi ndani. Ukiiingiza ikiwa baridi katika chumba chenye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya kioo na hata ndani ya lenzi. Toa kadi ya picha ukiwa bado nje, ifunge kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa.

Heroe (Nakuru): Nimemwandikia binamu kwamba hatutaenda na mkazi huyo. Je, vidole nitavikinga vipi bila kushindwa kubonyeza?

Mwalimu (Kakamega): Vaa glavu nyembamba, na juu yake nyingine nene zisizotenganisha vidole, ambazo utazivua wakati wa kupiga tu. Chuma usikishike kwa mkono mtupu.