Kuchonga mawe kwa mkono: chupa, kwatzi, obsidiani au jiwe la volkano?

MwalimuMajengo (Goma)
Jambo yenu wote. Nafundisha historia sekondari. Kila mwaka nikifika somo la Ishango, makao ya watu wa kale kando ya ziwa, naandika ubaoni "zana za mawe", wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jiwe likigeuka kisu. Mwaka huu nataka kuchonga mbele yao.

Nina wiki mbili najaribu. Nilianza na jiwe la volkano kwa sababu limejaa hapa, hata ukuta wa nyumba yangu ni lilo hilo. Linatoa changarawe tu. Chupa nimeshavunja sita (mwenye baa bado anazidai), nikapata kitu kinachofanana na ncha ya mshale ukikitazama kwa jicho moja. Rafiki ananiambia niagize obsidiani, kile kioo cha volkano. Ninyi mlio katika kazi hii, mnatumia nini, na kwa nini?

KatubaFundi (Lubumbashi)
Mwalimu, jiwe la Nyiragongo waachie wajenzi. Jiwe la kuchonga lazima liwe sawasawa ndani, bila punje kubwa, bila tundu, ili pigo lipite kama wimbi majini na kutokea upande wa pili. Lava yenu imejaa tundu za gesi. Pigo likifika kwenye tundu linafia hapo.

Na usidhani palipo volkano pana obsidiani. Obsidiani inataka lava yenye silika nyingi (yale madini ya kutengenezea kioo), ile nzito, ipoe haraka kabla chembe hazijajipanga. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, ndiyo maana inakimbia kama uji mwepesi. Ninyi wa Goma mnajua: tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani.

Mimi nina mwaka wa nne na vitako vya chupa. Kioo hakidanganyi. Ukikosea pembe kinakuonyesha palepale: kibanzi kinakatika kifupi na kuacha ngazi. Ukipatia, kinatoka chembamba chenye mistari ya mviringo kama ganda la kombe. Siri mbili. Ya kwanza, ukingo unaoubonyeza uwe na pembe chini ya nyuzi 90. Ukiwa mraba kama ukuta, hata ungekuwa na nguvu za ng'ombe hutoi kitu. Ya pili, usugue ukingo kwanza. Ukingo mwembamba mbichi unasagika kabla nguvu haijaingia ndani.

Kifaa cha kubonyezea nacho kina maneno. Msumari wa chuma unateleza na kuponda ukingo. Shaba ni laini kidogo, inauma kioo na kukishika. Chukua waya mnene wa shaba, uchomeke kwenye kipande cha mpini wa jembe, ubaki nje urefu wa ukucha. Huku kwetu shaba haitafutwi mbali. Nasema shaba ya mabaki, jamani, msije mkakata kebo za watu mkasema fundi wa Katuba aliwatuma.

Chukudu_Express (Goma)
Kumbe nyuma ya baa za Birere kuna machimbo na sisi tunapita tu 😂

MamaNyawera (Bukavu)
Yaya Katuba, sikatai kwamba kioo kinafundisha mkono. Lakini mwalimu amesema Ishango. Watu wa Ishango hawakuwa na chupa za bia ya Primus. Ule mfupa wenye alama, aliouchimba Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950 pale mto Semuliki unapotoka Ziwa Edward, una umri wa miaka kama 20,000, na kwenye ncha yake kumepachikwa kipande cha kwatzi. Hata ng'ambo ya pili, pango la Matupi huko Ituri, vijembe vyao vidogo ni kwatzi. Mtoto akiona kioo anaona chupa. Akiona kwatzi anaona jiwe la kwao.

Nimekulia Kamituga. Kwatzi kule ndiyo jiwe lenye dhahabu, na mama zetu wanalitwanga mchana kutwa. Kwa hiyo naongea jiwe ninalolijua. Lile jeupe kama maziwa limejaa nyufa, litakuvunja moyo. Tafuta linalopitisha mwanga kidogo ukilielekeza juani. Kisha usilichonge kama kioo, ukilishika mkononi na kupiga au kubonyeza pembeni. Weka jiwe bapa chini liwe fuawe, simamisha kipande cha kwatzi juu yake, ulishike kwa vidole pembeni, piga kichwani kwa jiwe la mto la mviringo. Nguvu inaingia juu na chini kwa wakati mmoja, jiwe linapasuka kama kuni. Vibanzi ni vidogo na havina uzuri wowote. Jaribu kukata nyama na kimoja halafu urudi hapa uniambie.

KatubaFundi
Mama, hapo umenishika. Ila kwa mtu wa wiki mbili kwatzi ni adhabu. Vipande kumi, kimoja kinafaa, na hajui alichofanya tofauti. Mimi ningempa kioo mwezi mzima ndipo aje kwako.

MamaNyawera
Mwezi mzima wa chupa? Nani atazilipa?

BarabaraNdefu (Lubumbashi)
Kuhusu obsidiani: mimi ninayo. Niliponunua nilimwambia mke wangu natafuta jiwe kutoka Kenya, akasema si ushuke tu sokoni. Alidhani mtaa wetu wa Kenya, huu wa hapa mjini! Yangu imetoka Naivasha. Ni nzuri, sitadanganya, ukingo wake ni mwembamba kuliko wembe wa chuma. Na watu wanaitafuta tangu zamani: kule Olorgesailie, miaka kama 300,000 iliyopita, walikuwa wanaileta kutoka zaidi ya kilomita 25. Ila mkononi sioni tofauti kubwa na kitako cha chupa. Ni kioo, tofauti ni kwamba kilipikwa na mlima. Kwa gharama ya kuisafirisha, na wewe bado unavunja sita kupata moja, hapana. Obsidiani ni ya siku ukishajua.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)
Mnaongea makali, hakuna aliyetaja macho na mapafu. Vaeni miwani, hata ile ya mtu wa kuchomelea. Pajani wekeni mpira wa ndani wa tairi, muombe kwado, fundi wa tairi, akupe uliochoka, kibanzi kikidondoka kisikuingie mguuni. Vumbi la kwatzi ndilo baya zaidi: linakaa kwenye mapafu na halitoki, waulizeni wachimbaji. Fanyeni kazi nje penye upepo, upepo ukitokea mgongoni, na msipulize vumbi kwa mdomo. Kitambaa puani hakitoshi. Wanafunzi wakae mbali, na vipande viokotwe vyote kabla watoto wenye miguu mitupu hawajapita.

BarabaraNdefu
Na ukivizika, tia kifuniko cha soda ndani ya shimo. Mchimba kale wa kesho akivikuta asije kuandika kitabu kizima juu ya "watu wa Majengo".

MwalimuMajengo
Asanteni. Ripoti: nilifuata njia zote mbili. Nyumbani wiki tatu za kioo kwa ajili ya vidole, darasani kwatzi kwa njia ya Mama Nyawera. Kwatzi alinitafutia mzazi mmoja. Nilichonga uwanjani, wanafunzi wakiwa hatua kumi nyuma. Pigo la kwanza kidole gumba, wakacheka sana. La nne likatoa kibanzi cha urefu wa fundo la kidole. Msichana mmoja akakitumia kukata kamba ya katani, ikakatika mara moja, na kelele za uwanjani zikamtoa mkuu wa shule ofisini.

Fundi Katuba, la kusugulia ukingo nilikosa jiwe lenye kukwaruza vizuri, mpaka nikaokota lava ukutani kwangu. Zile tundu zake zinakwangua kama tupa. Kwa hiyo jiwe la volkano limepata kazi.

KatubaFundi
Heee! Mimi miaka minne nasugulia kipande cha tofali, kinaisha kila wiki. Huku hatuna volkano, mwalimu. Ukisikia mtu anakuja Lubumbashi mpe mawe mawili ya ukubwa wa ngumi. Nami nakuwekea waya wa shaba, mita moja.

MwalimuMajengo
Mita mbili. Ukuta ni wangu.